Ndege za C-119 na Tukio la Kindu la 1961: Suala la Ukarabati wa Kimakumbusho

Anayekarabati ndege kuukuu ya kijeshi kwa ajili ya makumbusho hulazimika kwanza kuchagua tarehe. Ndege iliyotumika kwa miongo miwili huwa imepakwa rangi mara kadhaa na kupewa nambari mpya. Kuirejesha katika hali yake ya asili ni kauli tupu mpaka tuseme ni asili ya siku ipi.

Tuchukue C-119, ndege ya mizigo ya kampuni ya Fairchild ya Marekani, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Ina injini mbili, mikia miwili na kiwiliwili kipana kati yake; Waitalia waliiita behewa lirukalo. Mojawapo, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani huko Dayton, Ohio, inaadhimishwa kwa siku moja: 19 Agosti 1960, ilipodaka angani kifurushi cha filamu kilichotoka katika setilaiti ya kijasusi.

Kwa mtu wa Maniema tarehe ni nyingine. Mnamo 11 Novemba 1961, C-119 mbili za Brigedi ya 46 ya Jeshi la Anga la Italia, yenye makao yake Pisa, zilitua Kindu, mji wa ukingo wa Lualaba unaopakana na teritori ya Kailo. Zilikuwa katika utumishi wa Umoja wa Mataifa, zimeleta mahitaji ya kikosi cha Malaya. Wanaanga 13, wakiongozwa na Meja Amedeo Parmeggiani na Kapteni Giorgio Gonelli, walikamatwa katika bwalo la chakula, wakauawa. Askari wa Kongo waliofanya hivyo waliwadhania kuwa mamluki wa Katanga. Dhana hiyo haikuzuka bure: Katanga ilikuwa na mamluki wa Kizungu na ndege zake, na hofu ya kushambuliwa kutoka kusini ilikuwa ya kweli. Kueleza si kutetea. Maiti ziligunduliwa mapema mwaka 1962 huko Tokolote, zikarudishwa Pisa, ambako limejengwa kanisa la kumbukumbu. Hata leo ipo mitaa Italia iitwayo kwa jina la waliokufa Kindu. Mwenyeji wa Kindu akipita hapo huukuta mji wake umekuwa jina la msiba, basi.

Hapo ndipo kazi ya fundi inapogeuka kuwa kazi ya mwanahistoria. Akikwangua rangi ili aone kutu ya bati na ribiti zilizolegea, aweza kufuta pia alama za utumishi uliopita. Kwa rai yangu, ndege ya aina hii ikikarabatiwa kwa kumbukumbu ya Kindu, alama za Umoja wa Mataifa zisipakwe upya ziking'aa kana kwamba siku ile zilisomeka na kila mtu. Aidha, kibao chake kiitaje Katanga pamoja na majina ya wale 13, na kiandikwe kwa Kiitalia na kwa Kiswahili, lugha ambayo Kindu huzungumza.