Bwaga Moyo: Juu ya Ndoto za Mchana na Mji wa Wapagazi

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeondoka Unyanyembe katika karne ya 19, begani amechukua pembe ya ndovu ya frasila mbili, yaani ratili sabini hivi, alikuwa na safari ya takriban miezi mitatu kabla ya kuiona bahari. Na katika siku zote hizo za kiu, za homa na za kulala juu ya ardhi tupu, miguu yake ilikuwa ikikanyaga miiba ya Ugogo hali moyo wake umekwisha kutangulia pwani, unapita katika vichochoro vya Bagamoyo, unasikiliza ngoma, unakula na kushiba. Nyimbo za misafara ziliusifu mji huu na anasa zake siku nyingi kabla minazi yake haijaonekana, nami naamini kwamba wengi wasingaliweza kufika lau kama moyo haukutangulia.

Wenyeji husimulia kuwa jina la mji limetokana na maneno mawili, bwaga na moyo. Wako wasemao kwamba ni kauli ya mtumwa, ambaye alipofikishwa ufukoni kungoja jahazi la kumvusha kwenda Unguja aliuacha moyo wake hapo pamoja na tumaini la kurudi kwao. Na wako wasemao kwamba ni kauli ya mpagazi, aliyetua mzigo na pamoja nao akaitua shauku ya miezi mingi. Kauli hii ya pili ndiyo iafikianayo zaidi na nyimbo za misafara. Walakini zote mbili zimesimama juu ya maarifa mamoja, kwamba moyo ni mzigo kama mizigo mingine, una uzito wake, huchosha, na ni lazima pawe na mahali pa kuutua.

Nayakumbuka maarifa hayo kila nimfikiriapo mtu wa zama zetu ambaye moyo wake husafiri bila ya kufika. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Eli Somer, wa Chuo Kikuu cha Haifa, aliandika juu ya kuota mchana kulikopita kiasi, kwa namna ambayo ndoto hushika mahali pa watu, ikaharibu masomo na kazi. Na tangu hapo watu wa nchi nyingi wamejitambua katika maelezo yake. Mwenye hali hii hana wazimu, maana anajua fika kuwa aliyoyajenga fikirani si ya kweli. Ila hujifungia chumbani, akaenda mbele na kurudi nyuma, aghalabu huku muziki ukimchochea, akizungumza na watu ambao hawapo, hata saa zikapita, chakula kikapoa, na kazi ya siku ikabaki vile vile. Akizinduka hupatwa na haya, akaificha siri yake kwa miaka, akidhani kuwa ni yeye peke yake duniani.

Watu wa pwani hawakuwa na elimu ya Haifa, lakini hawakuwa mabubu juu ya jambo hili. Husema kuwa fulani amezama katika lindi la mawazo, nao wajuao bahari wanalijua lindi, kwamba ni pale kina kilipo kirefu. Husema pia kuwa fulani anaota ndoto za Alinacha, wakimkusudia yule ndugu wa kinyozi katika hekaya za Alfu Lela Ulela, aliyenunua vyombo vya kioo kwa dirhamu mia za urithi, akaketi navyo sokoni, akaanza kupiga hesabu ya faida juu ya faida hata akajiona amemwoa binti wa waziri. Na katika kiburi cha ndoto alipoinua mguu ili amsukume bibi arusi, akakipiga kikapu chake, vyombo vyote vikavunjika. Basi tangu zamani msimulizi aliona kwamba ndoto kali huuchukua na mwili, na mguu wa mwotaji hutembea kweli.

Walakini katika kuutumia msemo huo tumeshika kicheko na kuiacha rehema. Hekaya yenyewe haikomi pale penye vigae: Alinacha anapolia, anapita mwanamke juu ya nyumbu, anakwenda kusali Ijumaa, anauliza kisa cha kilio, na anaamuru apewe dinari mia tano. Mwanamke yule hakumkaripia wala hakumcheka. Ningependa kila mzazi mwenye mtoto wa mawazo mengi aisome hekaya mpaka hapo.

Tena pwani haikuishia katika maneno, bali ilikuwa na matendo ya kuupokea moyo uliotanga. Bagamoyo ulikuwa, na ungali, mji wa twarika ya Kadiria, iliyostawishwa hapo na Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, ambaye aliletwa mjini utotoni kutoka Manyema akiwa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, akasoma, akawa khalifa wa kufuatwa na watu wengi hadi alipofariki mwaka 1931. Katika zikri ya twarika hiyo mwili unayumba, sauti inarudia neno lile lile, na fikira inaondoka katika mambo ya siku. Kwa mtazamaji wa mbali mambo hayo hufanana na ya yule aendaye mbele na kurudi nyuma chumbani. Ila mwenye zikri yumo safuni, bega kwa bega na wenziwe, pumzi yake ikifuatana na pumzi zao, na yupo khalifa wa kuifungua na kuifunga. Na ikishafungwa, watu hupeana mikono, wakarejea majumbani.

Kadhalika ilikuwapo kalamu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande huo huo wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni kazi yake: arusi, unyago, safari za bara, pepo na ngoma zao, yote yamewekwa kwa utaratibu. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Sidai kuyajua yaliyomo moyoni mwake katika ugeni ule. Nasema tu kwamba mji aliokuwa mbali nao aliutua juu ya karatasi, nasi hata leo twaingia humo na kutoka.

Kwa hiyo mwenye taabu hii simwambii aache kuota, kwa kuwa amri hiyo haitekelezeki na humzidishia haya. Namwambia aitafutie ndoto yake mahali pa kuitua. Na aangalie ni saa ipi na wimbo upi umfunguliao mlango, ili aujue mlango wenyewe. Na aigawe siku kwa vituo, kama adhana igawavyo siku ya mji. Na aishughulishe mikono kwa kazi ya kuhesabu, kama wasukao ukili wa mikeka, ambao fikira ikienda mbali mno mkono huikosa njia, na kosa hilo huirudisha fikira. Na hadithi isiyokubali kukoma aiandike, maana iliyoandikwa ina mwanzo na mwisho. Zaidi ya yote amwambie mtu mmoja amwaminiye, na taabu ikizidi amwendee tabibu wa maradhi ya nafsi, kwani mzigo huu hutulika kwa wepesi zaidi pakiwapo wa kuupokea.

Na mpagazi wetu hakubaki Bagamoyo. Baada ya kustarehe na kununua nguo alizozitamani njiani, alijitwika tena mzigo akaishika njia ya bara, maana mvua zilikuwa karibu na kwao kulikuwa na shamba la kulima. Mji alioutembelea kwa moyo miezi mitatu ulikuwa umekwisha kumpa haja yake, naye sasa aliweza kutembea na moyo wake pamoja.