Wajumbe wa Wimbo: Jinsi Nyimbo Mpya Zilivyowafikia Wasikilizaji wa Vijijini

Katika kueleza historia ya muziki wa taifa letu, waandishi wengi wamezoea kuwataja watunzi, waimbaji na wapigaji. Ni haki kufanya hivyo, maana bila ya mtunzi hakuna wimbo. Hata hivyo, yuko mtu mwingine ambaye aghalabu husahauliwa: yule aliyeusikia wimbo mahali pamoja, akaupenda, kisha akawapelekea watu wa mahali pengine ambao hawajapata kuusikia. Katika insha hii mtu huyo tutamwita mjumbe wa wimbo. Kusudi letu ni kuonyesha kwamba muziki wa Tanzania haukuwa wa taifa kwa sababu ulitungwa na Watanzania tu, bali kwa sababu kila kizazi kilikuwa na wajumbe wake waliouvusha kutoka kabila hadi kabila, na kutoka aina moja ya muziki hadi nyingine.

Habari hii tutaitazama kutoka Zombo, kata ya wilaya ya Kilosa, katika jimbo la Mikumi, mkoani Morogoro. Tumeichagua Zombo si kwa kuwa ni makao ya bendi mashuhuri, bali kwa kuwa ni nchi ya wakulima, kama zilivyo sehemu nyingi za Tanzania, ambako wimbo mpya hauna budi kusafiri ndipo ufike. Tena jirani yake zimepita njia zote ambazo nyimbo zilisafiria: reli, mashamba ya mkonge na barabara kuu.

Njia ya reli na mashamba

Wilaya ya Kilosa ni nchi ya Wasagara, Wavidunda na Wakaguru. Kwa wazee wetu, ngoma haikuwa mchezo wa kupitishia wakati tu. Ilikuwapo ngoma ya jando, ya unyago, ya mavuno, ya arusi na ya tambiko, na kila moja ilikuwa na siku yake na watu wake. Nyimbo nyingine hazikuruhusiwa kuimbwa mbele ya asiyehusika. Kwa hiyo wimbo ulikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ilikuwa na maana yake katika malezi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Kilosa. Baadaye mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko wilayani yalihitaji vibarua wengi, nao walitoka mikoa ya mbali. Watu wa makabila mbalimbali waliishi kambi moja, wakafanya kazi moja, na siku ya mapumziko kila kundi likacheza ngoma yake huku jirani wakitazama. Aliyetazama leo aliitikia kesho, na mkataba ulipokwisha alirudi kwao na nyimbo ambazo baba yake hakuzijua. Hao ndio wajumbe wa kwanza: vibarua, wachukuzi na askari ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Mfano ulio wazi ni ngoma ya beni. Ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuiga gwaride na matarumbeta ya Wazungu. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliieneza bara, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikajulikana katika miji mingi. Jambo la kuzingatia ni kwamba beni iliimbwa kwa Kiswahili. Kabila lolote liliweza kuingia, na wimbo mpya uliotungwa mji mmoja uliweza kueleweka katika mji mwingine. Miaka mingi kabla ya uhuru, wachezaji wa beni walikwisha kuuzoea utaifa kwa midomo yao.

Santuri na bendi za Morogoro

Mjumbe wa pili alikuwa santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi nyimbo za taarabu. Kabla ya wakati wake taarabu ilihesabiwa kuwa burudani ya wakubwa, tena kwa lugha ya Kiarabu. Yeye, mwanamke aliyezaliwa katika umaskini shamba la Fumba, aliiimba kwa Kiswahili, na santuri zikaipeleka sauti yake hadi kwa watu ambao wasingeweza kamwe kualikwa katika majumba ya wakubwa.

Zilikuja pia santuri za Cuba. Vijana wa mijini walipozisikia walitambua ndani yake mapigo yaliyokuwa na udugu na ngoma zao. Na haikuwa ajabu, kwa kuwa mababu wa wengi wa wapigaji wale walitolewa Afrika utumwani. Mjini Morogoro, Salum Abdallah, aliyezaliwa 1928, aliunda bendi iliyojulikana kwa jina la Cuban Marimba. Alichukua mapigo ya ng'ambo akayavika mashairi ya Kiswahili yenye mafunzo, mapenzi na utani. Alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza aliiendeleza bendi hiyo.

Upande wa pili wa mji ule ule ilikuwapo Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944. Mbaraka Mwinshehe alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1970 ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 Mbaraka aliunda bendi yake ya Super Volcano. Alifariki Mombasa kwa ajali ya gari mwezi Januari 1979, angali kijana wa miaka 34. Kushindana kwa bendi mbili katika mji mmoja kuliwafaidi wasikilizaji, kwani kila mpenzi wa bendi alijifanya mjumbe, akimvuta mwenziwe aje kusikia wimbo mpya wa upande wake.

Redio ya taifa

Hata hivyo, bendi haiwezi kufika kila kijiji. Aliyefika kila kijiji ni redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika. Na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam, chini ya Serikali. Redio ndogo za betri zilipoenea, kijiji kizima kiliweza kukusanyika mbele ya duka moja kusikiliza taarifa ya habari, na baada ya habari, muziki.

Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na vijana. Alisikitika kwamba wasomi wetu walijua kucheza dansi za Ulaya na za Amerika ya Kusini, na wengi wao hawakupata hata kuzisikia ngoma kama gombe sugu, kiduo au lelemama. Redio Tanzania ilijaribu kuitikia wito huo. Kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, redio yenyewe ilikuwa studio ya bendi zetu, nao watumishi wake walikwenda mikoani kurekodi ngoma. Ndiyo maana katika siku moja msikilizaji wa Zombo aliweza kusikia taarabu ya Unguja, kwaya, dansi ya Dar es Salaam na zeze la Wagogo, bila ya kuchagua. Mwenye kupenda dansi alilazimika kungoja taarabu ipite, na katika kungoja huko sikio lake lilifunzwa.

Wasikilizaji nao hawakukaa kimya. Walinunua kadi za salamu, wakaandika majina ya ndugu na marafiki, wakataja na wimbo walioutaka. Mkulima aliyemtumia salamu shemeji yake wa Tabora pamoja na wimbo fulani alikuwa akipendekeza wimbo huo kwa nchi nzima.

Lakini historia ya kweli haisifu tu. Mlango ulikuwa mmoja, na mlinzi wake alikuwa mmoja. Mashairi yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, na wimbo uliokataliwa haukuwa na kwingine kwa kwenda. Katika miaka ya 1970 nyimbo za kigeni zilipigwa marufuku redioni. Hatua hiyo iliwapa nafasi watunzi wetu, lakini pia ilimnyima msikilizaji uhuru wa kulinganisha. Tena watunzi wengi walisikika nchi nzima huku mifuko yao ikiwa mitupu. Mjumbe anayemsahau aliyemtuma hana adabu kamili.

Milango mingi

Katika miaka ya 1980 kanda za kaseti zilianza kuuvunja mlango huo mmoja. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo vya watu binafsi, na mwaka 1994 Radio One ilianza kusikika. Vijana waliokuwa wakifokafoka kwa Kiingereza walianza kutunga kwa Kiswahili, na muziki wao ukapewa jina la Bongo Fleva. Wazee wengi waliubeza. Hata hivyo, wimbo wa Professor Jay uitwao "Ndio Mzee", uliotoka mwaka 2001, ulimkejeli mgombea anayeahidi yasiyowezekana kwa ufundi ambao malenga yeyote wa zamani angeutambua. Mwaka 2015 mtunzi huyo mwenyewe, Joseph Haule, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, akalitumikia jimbo hilo hadi 2020. Wapiga kura wa Zombo hawakukosa kipimo cha kumpimia.

Siku hizi mjumbe ni simu. Wingi wa nyimbo zilizomo haujapata kuonekana tangu dunia iumbwe, na hilo ni jema. Lakini simu ina tabia moja ya kuangaliwa: humpa mtu kinachofanana na alichokipenda jana. Apendaye singeli hupewa singeli, apendaye kwaya hupewa kwaya. Kibarua wa mkonge alisikia ngoma ya jirani kwa sababu hakuwa na ukuta. Kijana wa leo amejengewa ukuta wa vitu avipendavyo, wala hauoni.

Wajibu wa shule

Kwa sababu hiyo, mwalimu hana budi kuwa mjumbe. Tunapendekeza kila juma wanafunzi wasikilize wimbo mmoja wasioujua, wa aina wasiyoizoea, kisha waujadili. Waanze na "Shida" wa Mbaraka Mwinshehe, waangalie jinsi gitaa linavyojibizana na sauti. Wasikilize zeze na ilimba za Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, ambaye aliufikisha muziki wa Wagogo katika majukwaa ya Ulaya. Wasikilize "Maria Salome" wa Saida Karoli, wajiulize kwa nini mwaka 2001 nchi nzima iliucheza wimbo wa Kihaya bila ya kujua Kihaya. Wasikilize "Neema" wa Mlimani Park, kisha nyimbo za Injili za Cosmas Chidumule aliyeuimba, waone mtu mmoja akivuka kutoka dansi hadi muziki wa dini. Wamalizie na taarabu, wahesabu mizani ya kila mshororo.

Wakifanya hivyo watagundua kwamba kuta ni nyembamba kuliko walivyodhani. Kiongozi hutoa na wenzake huitikia: ndivyo ilivyo katika ngoma, katika kwaya, katika kiitikio cha dansi, hata katika Bongo Fleva. Vina na mizani vya shairi vimo katika taarabu, na binamu zao wamo katika ufokaji wa vijana.

Mwisho, liko jambo lisilongoja. Kanda za Redio Tanzania zipo, na tunao wajibu wa kuzitunza zisioze. Lakini nyimbo za mavuno na za kubembelezea watoto katika vijiji vya Usagara na Uvidunda, ambazo hazikupata kurekodiwa, hazina kanda. Zimo vifuani mwa bibi zetu. Mwanafunzi wa Zombo mwenye simu anaweza leo hii kumwomba bibi yake ruhusa, akarekodi wimbo mmoja, akaandika maneno yake na maana yake, na jina la aliyeuimba. Kwa wenzake darasani, wimbo huo wa zamani utakuwa mpya kabisa, naye atakuwa ameingia katika safu ya wajumbe wale ambao hatukuyajua majina yao. La kwake angalau litaandikwa.