Upungufu wa kusikia kwa watoto wanaofika hospitalini

Upungufu wa kusikia ni tatizo la kawaida kwa watoto wanaoonwa hospitalini, ila ukubwa wake hutegemea mtoto anaonwa kitengo gani. Katika nchi zinazopima kila mtoto mchanga, watoto 1 hadi 3 kwa kila 1,000 hukutwa na upungufu wa kudumu. Miongoni mwa waliolazwa wodi ya wachanga mahututi, wakiwemo njiti, idadi hufikia 2 hadi 4 kwa kila 100. Katika kliniki ya masikio, pua na koo huwa kubwa zaidi, kwa kuwa huko hupelekwa walioanza kutiliwa shaka. Takwimu za kliniki moja hazifai kabisa kuchukuliwa kuwa za wilaya nzima.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watoto milioni 34 duniani wana tatizo hili. Makadirio yake ya mwaka 2016 yanasema kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, asilimia 75 ya visa hivyo vingeweza kuzuilika.

Nyingi ya sababu hizo zinazozuilika ni matatizo ya kila siku wodini: rubella aliyougua mama mjamzito, surua, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa mtoto mchanga, na sikio linalotoa usaha kwa miezi bila matibabu. Dawa kama jentamaisini, ambayo huokoa wachanga wengi, inaweza kuharibu seli za koklea, sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, kipimo kikizidi au figo zikiwa dhaifu. Kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena.

Homa ya uti wa mgongo inastahili kutajwa peke yake. Uchunguzi wa usikivu unatakiwa kufanywa kabla mtoto hajaruhusiwa au ndani ya wiki 4 baada ya kupona, kwani koklea iliyoathirika inaweza kujaa mfupa na kufanya upandikizaji wa kifaa cha kusikia kuwa mgumu. Huwa inauma kuona familia iliyofurahia mtoto kupona ikirudi baada ya mwaka kwa sababu haitiki akiitwa.

Kuchelewa huko kugundua tatizo ni jambo la kawaida. Mtoto asiyesikia hucheka, hulia na hata hubwabwaja miezi ya mwanzo, na mzazi akiuliza huambiwa ataongea tu, kuna watoto wanaochelewa. Hata hivyo, kipimo cha mwangwi wa koklea huchukua dakika chache mtoto akiwa amelala. Lengo linalokubalika ni kupimwa kabla ya mwezi 1, kuthibitishwa kabla ya miezi 3, na kuanza kusaidiwa kabla ya miezi 6.

Msaada hutegemea chanzo. Nta huondolewa na maambukizi hutibiwa. Upungufu wa kudumu huhitaji shimesikio au upandikizaji. Upandikizaji ulianza Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2017; awali watoto walipelekwa India. Mtoto ambaye vifaa havimfai, au havipatikani, anahitaji lugha ya alama mapema kama wenzake wanavyohitaji maneno. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inaitaka Serikali kuikuza lugha hiyo, na kliniki inayomweleza mzazi kuhusu vifaa inapaswa kumweleza pia kuhusu shule na walimu wa lugha ya alama walio karibu naye.