Nyumba ya Haji Kanji na Wagonjwa wa Pwani

Hesabu za mfuko wetu wa wagonjwa zimo katika kurasa nyingine za taarifa hii, nanyi mtazipima wenyewe. Mimi karani nimepewa ukurasa mmoja wa tarikhi. Katika mkutano wetu, mzee mmoja aliyepata kuwa mchukuzi bandarini aliuliza: tajiri akitoa mali yake kwa ajili ya wagonjwa, je, atoa sadaka au alipa deni? Hatukumjibu. Naomba ruhusa kuitazama habari ya nyumba moja ya biashara, huenda ikatusaidia.

Jina la Allidina Visram halihitaji kuelezwa kwa watu wa Mombasa, maana shule iliyotolewa na mwanawe kwa ukumbusho wake ipo kisiwani hapa hata leo. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, yeye aliifuata kwa maduka yake hata Uganda, naye akafariki mwaka 1916. Lakini ni wachache wakumbukao ya kwamba alikuja Bagamoyo angali mtoto, akajifunza kazi kwa Sewa Haji Paroo.

Nyumba ya Sewa Haji ilikuwa ya jamaa. Baba yake, Haji Kanji, alitoka Kachi katika Bara Hindi, akafungua duka Unguja katika miaka ya 1850, kisha tawi Bagamoyo. Sewa, aliyezaliwa mwaka 1851, aliingia dukani akiwa kijana, naye akaifanya nyumba ile kuwa mkubwa wa wote waliotengeneza misafara ya bara. Hata Stanley alipata wapagazi na vifaa kwake.

Kazi hiyo ilitaka habari kama ilivyotaka fedha. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Bara Hindi na Arabuni, na kusi ikavirudisha. Mwenye duka aliyekosea hesabu ya pepo alikaa na bidhaa mwaka mzima. Wanyamwezi nao walishuka pwani wakati wa kiangazi, wakitamani kurudi kwao kabla ya mvua za kulima. Tena kila nchi ilikuwa na ushanga wake. Rangi iliyopendwa msimu mmoja yaweza kukataliwa msimu wa pili, na msafara ukakosa chakula njiani ingawa umechukua mali tele. Kwa hiyo kila mpagazi aliyerejea aliulizwa: mvua imenyesha wapi, vita viko wapi, watu wataka merikani au kaniki, pembe zapatikana kwa nani? Habari hizo zilitoka vinywani mwa watu waliobeba mzigo wa ratili 60 na zaidi kichwani au begani, kwa mwendo wa miezi.

Wengi wao walirudi na vidonda, homa na ndui, na wengine hawakurudi kabisa. Wagonjwa waliofika Bagamoyo hawakuwa na jamaa mjini. Sewa Haji aliwaona mlangoni pake, na sidhani kama aliweza kusahau ni mzigo wa nani uliowafikisha hapo.

Katika miaka ya 1890 alitoa fedha ijengwe hospitali Dar es Salaam, akataka itibu watu bila kubagua taifa. Mwaka 1892 akatoa nyumba ya ghorofa Bagamoyo iwe shule, kwa sharti lile lile. Nastaajabia sharti hilo kuliko fedha zenyewe, kwa kuwa serikali ya Wadachi wa siku zile haikuwa na desturi ya kuwachanganya watu. Alipofariki mwaka 1897 aliacha majumba yake, ili mapato yawalishe wagonjwa wa hospitali na wenye ukoma wa Bagamoyo.

Yule mzee wetu, nilipomsomea haya, alisema: "Basi alilipa, lakini hakudaiwa na mtu." Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema.

Mwaka 1956 ilifunguliwa Dar es Salaam hospitali kubwa mpya kwa jina la Princess Margaret, na baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Jengo lake moja la wodi laitwa Sewahaji, na mgonjwa anayeelekezwa huko mara nyingi hajui kwamba hilo ni jina la mtu.