Chipu ndogo inayounguza lenzi ya PlayStation 2

MASHINE ya michezo ya PlayStation 2 inapokataa kusoma diski, wa kwanza kulaumiwa huwa ni lenzi. Hununuliwa nyingine, hufungwa, na wakati mwingine nayo huungua ndani ya muda mfupi. Hapo kosa huwa si la lenzi, bali la chipu iliyo kwenye bodi, ile inayopeleka umeme kwenye mota na koili.

Mashine hiyo ya Sony iliingia sokoni nchini Japani Machi 4, 2000, na uzalishaji wake ukakoma mwanzoni mwa 2013, zikiwa zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Ndani yake mota moja huzungusha diski na nyingine hukisogeza kichwa cha leza kutoka kitovuni kwenda ukingoni. Matoleo makubwa ya awali yana ya tatu, ya kufungua trei.

Lenzi yenyewe haina mota. Imening'inizwa kwa nyaya nyembamba, pamoja na koili zilizo karibu na sumaku. Umeme ukipita katika koili ya kwanza, lenzi hupanda au kushuka ili mwale wa leza ukolee juu ya diski. Koili ya pili huisogeza pembeni ili isipoteze mstari. Mistari ya data ya DVD imeachana kwa mikromita 0.74 tu, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na hakuna diski inayozunguka bila kuyumba hata kidogo.

Amri za kusogea hutoka katika chipu nyingine, lakini ishara zake ni dhaifu mno kusukuma chochote. Chipu ya kuendesha huzikuza. Kila koili huunganishwa kati ya miguu yake miwili, hivyo mkondo huweza kugeuzwa upande na lenzi ikabadili mwelekeo.

Hatari huanza mguu mmoja unapoharibika na kubaki na volti nyingi. Koili ina ukinzani wa ohmu chache tu. Mkondo usiokoma huichoma. Chipu za aina hii kwa kawaida hujizima zikipata joto kali, lakini kinga hiyo ni yao wenyewe, haimfai kitu mwenye lenzi.

Kwa hiyo kabla ya kununua lenzi, fundi makini huzima umeme na kupima koili za lenzi ya zamani. Koili isiyopitisha umeme imekatika, na hiyo ni sababu ya kuishuku chipu. Kisha, lenzi ikiwa imechomolewa na mashine imewashwa bila kutafuta diski, hupima volti kati ya miguu miwili ya kila koili. Tofauti hutakiwa kukaribia sifuri. Ikizidi sana, chipu ndiyo hubadilishwa kwanza, na lenzi mpya hubaki ndani ya boksi lake.