Majani Yaliyovunda na Damu Isiyoganda

  Wekeni vitabu mbele yenu, mfuate maneno kwa kidole huku mkisikiliza. Leo tutasoma habari ya dawa moja iliyoanza kuwa ugonjwa wa ng'ombe, ikageuka kuwa sumu ya panya, na mwisho ikawa tiba ya watu.

Kwanza fikiri jambo unalolijua. Ukichinja mbuzi na kukinga damu yake katika bakuli, unaona nini? Kwa muda mfupi damu ile huacha kuwa maji. Hushikana, ikawa kama ini. Tunasema damu imeganda. Jambo hili ni jema sana. Ukijikata kwa jembe, damu huganda penye jeraha na kuziba mlango. Kama isingeganda, ungekufa kwa kidonda kidogo.

Lakini jambo jema likitokea mahali pasipo pake huwa baya. Pengine damu huganda ndani ya mshipa, hali hakuna jeraha. Hapo hufanyika bonge la damu. Mara nyingi bonge hilo hukaa katika mshipa mkubwa wa mguu, na mguu huvimba na kuuma. Likikatika kipande, damu hukichukua kama mto unavyochukua gogo, hupita katika moyo, kikaenda kuziba mshipa wa mapafu. Mtu huyo aweza kufa kwa dakika chache.

Zamani waganga waliona vifo hivyo wasijue asili yake. Mama amejifungua salama, siku chache baadaye anainuka kitandani, anaanguka, amekufa. Mtu amepasuliwa tumbo, jeraha limepona vizuri, naye anakufa ghafula. Katika miaka ya 1840, huko Berlin katika nchi ya Ujerumani, daktari Rudolf Virchow alipasua maiti ili atafute sababu. Akakuta mabonge ya damu katika mapafu. Akaonyesha kwamba hayakuanza huko, bali yalitoka mbali, katika mishipa ya miguu. Mpaka leo madaktari hutaja mambo matatu kwa jina la Virchow: damu kwenda polepole, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi ya kuganda. Basi sababu ilijulikana. Dawa ilikuwa bado.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani na Kanada. Baada ya mwaka 1920 wafugaji wa huko walipata msiba. Ng'ombe waliokatwa pembe au kuhasiwa walitokwa damu mpaka wakafa. Wengine walikufa bila jeraha, damu ikivujia ndani ya mwili. Daktari wa mifugo Frank Schofield wa Kanada alichunguza chakula chao. Aliona kwamba walilishwa majani makavu ya klova tamu, nayo majani hayo yalikuwa yamelowa na kuota ukungu. Majani mazuri hayakudhuru. Majani yaliyovunda ndiyo yaliyoua. Daktari mwingine, Lee Roderick wa North Dakota, akaonyesha kwamba damu ya ng'ombe hao ilikuwa imepungukiwa na kitu cha kuigandisha.

Schofield aliwashauri wafugaji watupe majani yale. Lakini maskini atatupaje chakula cha pekee alicho nacho? Miaka ya 1930 ilikuwa miaka ya dhiki, na fedha ya kununua majani mengine haikuwako.

Mwezi wa Februari 1933, mkulima mmoja wa Wisconsin, jina lake Ed Carlson, alikuwa amefiwa na ng'ombe wake. Akapakia katika gari mzoga wa mtamba, kopo kubwa la maziwa lililojaa damu, na ratili 100 hivi za majani yaliyovunda. Akaendesha gari maili 190 katika dhoruba ya theluji mpaka mji wa Madison. Ilikuwa Jumamosi, na ofisi ya mifugo ilikuwa imefungwa. Akabisha mlango mwingine wa chuo kikuu uliokuwa wazi. Humo alikuwamo mtaalamu wa kemia, Karl Paul Link.

Link akaitazama damu katika kopo. Ilikuwa maji matupu, haikuganda. Lakini msaada wa kumpa Carlson siku ile ulikuwa mdogo: aache kulisha majani yale, na ikiwezekana ng'ombe wagonjwa watiwe damu ya ng'ombe wazima. Carlson akarudi njia ile ndefu karibu mikono mitupu.

Je, safari yake ilikuwa bure? Hapana. Link na wanafunzi wake walianza kuitafuta sumu iliyokuwa ndani ya majani. Waliifanya kazi hiyo kwa miaka sita. Mwezi wa Juni 1939 mwanafunzi wake, Harold Campbell, aliipata ikiwa safi, chembe ndogo zinazong'aa. Wakaiita dikumaroli. Wakaelewa pia mambo yalivyokuwa. Klova tamu ina kitu chenye harufu nzuri ambacho peke yake hakigandui damu. Majani yakiota ukungu, kitu hicho hugeuka kuwa dikumaroli.

Nayo dikumaroli hufanyaje kazi? Ini letu hutengeneza vitu vya kugandisha damu. Ili livitengeneze, lahitaji vitamini K, ambayo mtaalamu Henrik Dam wa Denmark aliivumbua kwa kuchunguza vifaranga waliokuwa wakitokwa damu. Sisi huipata zaidi katika mboga za majani. Dikumaroli huizuia vitamini K isifanye kazi yake. Basi vitu vya kugandisha hupungua, lakini si mara moja. Huchukua siku kadhaa.

Kabla ya hapo ilikuwako dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, jina lake heparini. Ilianza kuonekana mwaka 1916 katika ini la mbwa, huko Baltimore. Hiyo hufanya kazi upesi, lakini hutiwa kwa sindano. Dikumaroli ilimezwa kama kidonge. Tangu mwaka 1941 madaktari wa Marekani walianza kuwapa wagonjwa wa mabonge ya damu.

Link mwenyewe aliugua kifua, akalazwa miezi mingi. Akiwa kitandani alisoma habari za panya na namna ya kuwaua. Akawaza: kilichoua ng'ombe chaweza kuua panya. Katika dawa za jamaa ya dikumaroli walizozitengeneza, akachagua moja yenye nguvu zaidi. Mwaka 1948 ikaanza kuuzwa kuwa sumu ya panya. Ikaitwa wafarini.

Nani angethubutu kumpa mgonjwa sumu ya panya? Lakini mwaka 1951 kuruta mmoja wa jeshi la Marekani aliila akitaka kujiua. Hospitali wakamtibu kwa vitamini K na kwa kumtia damu, akapona kabisa. Madaktari wakaona kwamba hata dawa hii ikizidi, iko njia ya kumwokoa mtu. Mwaka 1954 wafarini ikaruhusiwa kwa watu. Mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alipopatwa na ugonjwa wa moyo, alipewa dawa hiyo hiyo.

Hata hivyo ilitakiwa hakika. Je, dawa hizi zaokoa watu kweli? Huko Bristol, Uingereza, madaktari Barritt na Jordan walipima jambo hili kwa wagonjwa wenye mabonge katika mapafu, wakatoa habari mwaka 1960. Wagonjwa 19 hawakupewa dawa ya kuzuia damu kuganda: 5 wakafa kwa mabonge, na wengine 5 wakapata mabonge mapya wasife. Wagonjwa 16 walipewa dawa: hakuna hata mmoja aliyekufa kwa bonge la damu. Madaktari walipoona hivyo, wakaacha kuwanyima wengine dawa.

Siku hizi bonge la mguuni huweza kutazamwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, bila kupasua wala kuumiza. Ziko pia dawa mpya zisizohitaji kupima damu mara kwa mara. Lakini wafarini bado yatumika duniani kote. Atumiaye wafarini hana budi kwenda kupimwa damu, kwa kuwa kipimo kikipungua bonge hukua, na kikizidi damu hutoka. Asichanganye na dawa nyingine, hata za miti shamba, bila kumwuliza daktari. Mwanamke mwenye mimba amwambie daktari mapema, maana yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Nawe kumbuka haya. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa baada ya kuzaa, kupasuliwa, kuvunjika mfupa au kulala kitandani siku nyingi, nenda hospitali. Usikubali uchuliwe kwa nguvu kabla daktari hajauona. Mtu akipungukiwa pumzi ghafula, akiumwa kifua au kukohoa damu, msingoje asubuhi. Mpelekeni saa ile ile.

Carlson hakujua kemia. Alijua tu kwamba ng'ombe wake wanakufa, na kwamba damu haiwi hivi. Akachukua alichokiona akaenda kuuliza. Kuuliza si ujinga.

MANENO YA KUJIFUNZA
Bonge la damu: damu iliyoganda ikawa kitu kizima.
Mtamba: ng'ombe jike ambaye hajazaa.
Ukungu: vitu kama unga au pamba viotavyo juu ya kitu kilicholowa.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini damu kuganda ni jambo jema, na lini huwa baya?
2. Wafugaji walijua kwamba majani yaliyovunda yanaua. Kwa nini wengine waliendelea kuyalisha?
3. Sumu na dawa hutofautianaje? Toa mfano wako mwenyewe.
4. Andika sentensi tatu za kumweleza jirani dalili za bonge la damu.

Kwaherini mpaka somo lijalo.