Sumu ya Botulini: Istilahi na Uchaguzi wa Sindano za Kulegeza Ndita

Mistari inayosimama katikati ya nyusi mtu anapokasirika au anapoyabana macho kwa sababu ya jua huitwa ndita, na mwenye kuifanya husemwa kuwa amekunja ndita. Kwa neno hilo Kiswahili kilikwisha kulitenga, kabla sindano yoyote haijabuniwa, kunyanzi linaloletwa na msuli unaojikaza na makunyanzi mengine yanayoletwa na umri, jua au kukonda. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama dawa inayozungumziwa hapa itamfaa mtu au haitamfaa, kwa kuwa dawa hiyo haijazi ngozi wala haiing'arishi, bali huulegeza msuli unaoikunja. Kuiita "sindano ya kuondoa makunyanzi", kama inavyozoeleka katika matangazo ya urembo, ni kuahidi zaidi ya inavyoweza.

Kitu chenyewe kitaalamu ni sumu ya botulini, yaani protini inayotengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Jina limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji, kwa sababu daktari Mjerumani Justinus Kerner, mwanzoni mwa karne ya 19, alichunguza vifo vilivyofuatia kuliwa kwa soseji zilizoharibika na akaeleza jinsi wagonjwa walivyopooza misuli huku akili zao zikibaki timamu. Bakteria mwenyewe aligunduliwa na Émile van Ermengem baada ya watu kudhurika kwa nyama katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, mwaka 1895. Neno "botulini" linakaa vizuri katika matamshi ya Kiswahili, na hakuna haja ya kulitafutia jingine. Linalohitaji kutetewa ni neno "sumu", ambalo wauzaji wangependa lisitajwe. Lisifichwe, kwa kuwa nguvu ya dawa hii na hatari yake vinatoka mahali pamoja, na mgonjwa anayesikia neno hilo ataulizia kipimo bila kuhimizwa.

Namna inavyofanya kazi inaeleza pia kwa nini kitenzi "kulegeza" kimefaa kuliko "kuua" au "kugandisha", ambavyo navyo husikika. Ncha ya neva huuamuru msuli ujikaze kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu ya botulini ya aina A, ambayo ndiyo inayotumika zaidi usoni, huingia katika ncha hiyo na kuikata protini inayowezesha kemikali kumwagwa, hivyo amri haifiki na msuli unabaki mlegevu ilhali neva na msuli vyote viko hai. Baada ya muda ncha ya neva hurudia kazi yake, na ndita zikarejea, kwa kawaida baada ya miezi 3 hadi 4.

Matumizi ya kwanza hayakuwa ya urembo. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, aliitafuta dawa ya makengeza isiyohitaji upasuaji, na mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha sumu hiyo aliyoifanyia kazi kwa ajili ya makengeza na kope zinazofumba zenyewe. Dawa hiyo baadaye ikapewa jina la biashara la Botox. Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, aliona kuwa ndita za wagonjwa aliokuwa akiwatibu kope kwa dawa hiyo zilipungua, na yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao mwaka 1992. Idhini ya kutibu ndita ilitolewa Marekani mwaka 2002. Kwa kuwa bidhaa hiyo ilitangulia sokoni, jina lake likageuka jina la jumla, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia.

Botox leo ni bidhaa moja tu kati ya kadhaa. Zipo Dysport, Xeomin, Jeuveau na Daxxify, zote zikiwa na sumu ya aina A, lakini kila moja imetayarishwa kwa njia yake na hupimwa kwa yuniti zake. Kwa ndita, kipimo kilichoidhinishwa ni yuniti 20 za Botox, Xeomin au Jeuveau, yuniti 50 za Dysport na yuniti 40 za Daxxify. Mkazi wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, anayevuka kwenda Nakonde akiwa na shilingi na kurudi na kwacha, hahitaji kuelezwa kwa kirefu kwamba 50 za huku si 50 za kule. Kwa hiyo kliniki inayotangaza bei ya yuniti moja bila kutaja bidhaa haijatangaza bei yoyote, na anayechagua kwa urahisi wa yuniti pekee hajui anachonunua.

Tofauti nyingine ni chache. Dysport mara nyingi huanza kuonekana mapema kidogo, lakini ina protini ya maziwa ya ng'ombe, hivyo haimfai mwenye mzio nayo. Xeomin imeondolewa protini zinazoambatana na sumu. Daxxify hudumu kwa muda mrefu zaidi, kwa wengi kufikia miezi 6, na urefu huo ni faida kwa aliyechomwa vizuri na ni adha kwa ambaye kope yake imelegea kwa bahati mbaya. Zote hazipaswi kutumiwa na mwenye ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli unaoitwa miasthenia gravisi bila uamuzi wa daktari bingwa, na wajawazito hushauriwa kusubiri. Anayetumia jentamisini amwarifu daktari, kwa sababu dawa hiyo huweza kuiongezea sumu makali.

Katika Mkoa wa Songwe, uliko mji huo wa Tunduma, uchaguzi una masharti yake. Mkulima au mchimbaji dhahabu wa kata ya Mbangala, katika Wilaya ya Songwe, ambaye uso wake umepigwa na jua kwa miaka mingi, huwa na mistari inayobaki hata akiwa ametulia. Hayo ni makunyanzi tuli, ambayo kulegeza msuli huyapunguza kidogo tu. Kinachojaza mistari ya namna hiyo ni vijazio vya asidi ya hayaluroniki, ambavyo ni tiba nyingine kabisa na vina hatari zake, hivyo visiitwe kwa jina la sumu ya botulini wala sumu isiitwe kwa jina lao.

Kisha kuna suala la baridi. Chupa za Botox na Dysport hutunzwa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selisiasi, wakati Xeomin isiyofunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumba hadi nyuzi 25. Chupa iliyopitishwa mpakani mkobani, katika joto la mchana, haina mtu wa kuidhamini hata lebo yake ikiwa ya kweli. Ikumbukwe pia kwamba tangu mwaka 2019 vipodozi nchini Tanzania vinasimamiwa na Shirika la Viwango (TBS), na dawa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Sumu ya botulini ni dawa, na mahali pake si kwenye rafu moja na krimu.

Istilahi zinazopendekezwa basi ni tatu, na kila moja ina kazi yake: "sumu ya botulini aina A" kwa dawa yenyewe, "sindano ya kulegeza ndita" kwa tiba inayotolewa, na jina la biashara kwa bidhaa iliyomo chupani, likiandikwa pamoja na yuniti zake. Mgonjwa adai kuandikiwa zote tatu kwenye kadi yake kabla ya kuchomwa, na anayekataa kuziandika asiruhusiwe kumgusa usoni.